Gari likizama kwa mafuriko: Mambo ya kujua bima inapotangaza hasara kamili

MVUA za vuli au za masika zinapokaribia, mwenye gari wa Nyasura, mjini Bunda, hukagua matairi, breki na vifuta kioo. Hati ya bima hubaki kabatini. Wengi huisoma kwa mara ya kwanza siku ambayo maji yamekwisha kufika kwenye viti, na hapo huwa ni kukumbuka shuka wakati kumekucha.

Hatima ya gari lililozama huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla mvua haijanyesha, kwa aina ya bima iliyokatwa na thamani iliyoandikwa kwenye hati. Sehemu nyingine huamuliwa katika saa chache za kwanza baada ya maji kupungua. Mwenye gari asiyezijua hatua hizo anaweza kupoteza chombo kinachomlisha, kisha akasaini malipo pungufu bila kujua kuwa alikuwa na nafasi ya kuhoji.

Mvua, ziwa na barabara

Mji wa Bunda uko kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari. Kusini mwake, barabara hiyo hupita kwenye nyanda zilizo kati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, ambako mito ya Mbalageti na Grumeti huteremka kuelekea ziwani. Maeneo mengi ya huko yana udongo mweusi wa mbuga, ambao ukishashiba maji huyaachia polepole.

Miaka ya karibuni imeonyesha kuwa hatari hiyo ni ya kweli. Mei 2020, kina cha Ziwa Victoria kilivuka rekodi iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1964, na Mei 2024 rekodi hiyo mpya nayo ikavunjwa. Mvua zilizoambatana na El Nino kati ya mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024 zilileta maafa sehemu nyingi za nchi. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge mjini Dodoma kuwa watu 155 walikuwa wamefariki dunia, huku watu zaidi ya 200,000 wakiwa wameathirika.

Gari ni dogo mbele ya uhai wa mtu. Wataalamu wa usalama wanakubaliana kuwa maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kulinyanyua gari dogo, na yenye kina cha sentimita 60 huweza kuyasomba magari mengi. Dereva anayejaribu kuvuka kalavati lililofurika huhatarisha kwanza maisha ya aliowapakia, na suala la bima huja baadaye.

Bima kubwa na bima ndogo

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo cha moto barabarani awe na bima ya mtu wa tatu, maarufu kama bima ndogo. Bima hiyo hulipa madhara wanayoyapata watu wengine kutokana na gari lake. Gari lake mwenyewe likizama, likaungua au likapinduka, bima ndogo haimlipi hata senti moja. Ipo pia bima ya mtu wa tatu inayoongezewa moto na wizi, lakini nayo haigusi mafuriko.

Anayetarajia kulipwa kwa gari lake lililoharibiwa na maji lazima awe na bima kubwa. Hata hivyo, kuwa na bima kubwa peke yake hakutoshi. Ipo mikataba ambayo katika orodha ya mambo yasiyolipiwa hutaja mafuriko, tufani, tetemeko la ardhi na majanga mengine ya asili. Katika mikataba ya namna hiyo, kinga dhidi ya mafuriko hupatikana kwa kuongeza ada na kuandikiwa kipengele maalumu. Mikataba mingine huyajumuisha majanga hayo tangu mwanzo. Tofauti hiyo haionekani kwenye stika. Iko ndani ya hati.

Tofauti za namna hiyo zinatokana pia na historia ya soko. Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilianzishwa mwaka 1963, na tangu mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, ndilo pekee lililofanya biashara ya bima Tanzania Bara. Soko lilifunguliwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 1996, na mwaka 2009 ikatungwa sheria mpya iliyoweka usimamizi chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Leo zipo kampuni nyingi, pamoja na mawakala, madalali wa bima na benki zinazouza bima. Mnunuzi ana uchaguzi mpana, lakini pia ana wajibu wa kusoma na kulinganisha.

Wakala anayeuza bima mtaani ni mwakilishi tu. Mkataba ni kati ya mwenye gari na kampuni. Ni busara kudai hati kamili yenye masharti yote, na kuhakiki kupitia mfumo wa TIRA MIS kuwa bima hiyo imesajiliwa kwa namba sahihi ya gari, kwa aina sahihi ya kinga na kwa tarehe sahihi.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni matumizi ya gari. Gari lililokatiwa bima kama la binafsi, kisha likatumika kubeba abiria kwa nauli, huipa kampuni sababu ya kukataa dai. Wenye Noah na Probox zinazofanya kazi ya teksi wanapaswa kuhakikisha kuwa hati inataja matumizi ya biashara. Vivyo hivyo, dereva lazima awe na leseni hai inayolingana na daraja la gari analoendesha.

Saa za kwanza

Kosa kubwa linalofanywa baada ya maji kupungua ni kujaribu kuwasha gari. Pistoni imeundwa kubana hewa, na maji hayabanwi. Maji yakiwa ndani ya silinda, jaribio moja la kuwasha huweza kupinda vyuma vinavyoishika pistoni au kupasua injini. Umeme nao ukipita kwenye nyaya zilizolowa huweza kuunguza kompyuta ya gari.

Mbali na uharibifu wenyewe, kampuni inaweza kudai kuwa injini haikuharibiwa na mafuriko, bali na mwenye gari aliyelazimisha kuiwasha. Gari ambalo lingelipiwa linaweza kuishia kwenye mabishano.

Utaratibu salama ni huu. Kwanza, watu waondoke kwenye eneo la hatari. Pili, kama inawezekana bila kujihatarisha, waya wa betri uchomolewe. Tatu, zipigwe picha zinazoonyesha namba ya gari, mahali lilipo, na alama ya kiwango cha juu kilichofikiwa na maji ndani na nje. Nne, kampuni ya bima itaarifiwe mara moja kwa simu, kisha kwa maandishi, kwa kuwa hati nyingi huweka muda maalumu wa kutoa taarifa. Tano, gari livutwe hadi mahali pakavu, na risiti ya kulivuta itunzwe.

Taarifa itolewe pia kituo cha polisi. Katika madai ya magari, kampuni huomba fomu za polisi, ikiwamo PF 93 inayohusu ukaguzi wa gari, pamoja na nakala za leseni ya dereva, kadi ya gari na fomu ya madai iliyojazwa. Anayeishi mbali na tawi la kampuni yake, kama walivyo wengi wa Nyasura, atunze nakala ya kila karatasi anayomkabidhi wakala na kumtaka asaini kuwa ameipokea.

Fundi asianze kufungua injini kabla ya mtathmini hasara kulikagua gari. Hata hivyo, mwenye gari ana wajibu wa kuzuia hasara isiongezeke, kwa mfano kwa kufungua milango ili ndani pakauke na kulihamisha gari kutoka bondeni.

Hasara kamili huamuliwaje?

Hasara kamili haimaanishi lazima gari limevunjika vipande vipande. Maana yake ni kwamba kulitengeneza kunagharimu zaidi ya faida yake. Gari lililozama huweza kuonekana zima kwa nje, huku nyaya, kompyuta, mifuko ya hewa ya usalama, giaboksi na viti vikiwa vimeharibika.

Kina cha maji ndicho kipimo cha kwanza cha mtathmini. Maji yaliyoishia chini ya sakafu mara nyingi hugusa breki na beringi tu. Yakifika kwenye viti, huharibu mazulia, nyaya za chini na baadhi ya kompyuta. Yakifika kwenye dashibodi, uwezekano wa kutangazwa hasara kamili huwa mkubwa. Aina ya maji nayo ina uzito: maji ya chumvi hula vyuma na nyaya haraka kuliko ya mvua au ya ziwa, lakini tope la mafuriko nalo huingia kila kona na kubakiza unyevu.

Baada ya ukaguzi, mtathmini hulinganisha namba tatu: thamani ya gari sokoni kabla tu ya mafuriko, gharama ya matengenezo, na thamani ya mabaki.

Mfano unaweza kusaidia. Gari lilikatiwa bima kwa thamani ya Sh20 milioni. Siku ya mafuriko, magari ya aina hiyo, umri huo na hali hiyo yalikuwa yakiuzwa Sh16 milioni. Gereji inakadiria matengenezo kuwa Sh12 milioni, na mabaki yanaweza kuuzwa Sh5 milioni. Kampuni ikitengeneza, itatumia Sh12 milioni. Ikilipa thamani ya soko na kuchukua mabaki, itabaki na gharama ya Sh11 milioni. Hapo hutangaza hasara kamili, ingawa gari lenyewe lingeweza kutengenezwa.

Kwa nini malipo huwa pungufu?

Malalamiko mengi huanzia kwenye mfano huo huo. Mwenye gari alilipa ada kwa thamani ya Sh20 milioni, lakini analipwa kwa kigezo cha Sh16 milioni. Sababu ni kwamba bima ya kawaida ya gari ni ya kufidia hasara. Humrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya janga, wala haimpi faida. Kiasi kilichoandikwa kwenye hati ndicho kikomo cha juu cha malipo; kwa kawaida si ahadi ya kulipa kiasi hicho chote. Ipo mikataba ya thamani iliyokubaliwa, ambayo hulipa kiasi kilichoandikwa, lakini lazima hati iseme hivyo waziwazi.

Kwa hiyo, kuandika thamani kubwa kuliko halisi ni kutupa fedha. Kwa kiwango cha mfano cha asilimia 3.5, gari la Sh20 milioni hulipiwa ada ya Sh700,000 kabla ya kodi, na la Sh16 milioni hulipiwa Sh560,000. Tofauti ya Sh140,000 hairudi.

Kuandika thamani ndogo ili kupunguza ada kuna hatari kubwa zaidi. Gari la Sh20 milioni likikatiwa bima kwa Sh12 milioni, limekingwa kwa asilimia 60 tu. Pale mkataba unapokuwa na kipengele cha uwiano, uharibifu mdogo wa Sh5 milioni utalipiwa Sh3 milioni, na mwenye gari atajazia Sh2 milioni. Likipotea lote, malipo hayatavuka Sh12 milioni.

Makato mengine ni kile kiasi ambacho hati humtaka mwenye bima akibebe mwenyewe katika kila dai. Kikiwa asilimia 5 ya dai, basi katika mfano wa kwanza Sh800,000 zitakatwa, na malipo yatakuwa Sh15.2 milioni.

Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo na benki ina haki juu yake, benki hulipwa deni lake kwanza. Iwapo deni ni kubwa kuliko malipo, mkopaji hubaki bila gari na bado anadaiwa. Aidha, nauli alizozikosa wakati gari limelala kwa kawaida hazifidiwi.

Mabaki ni ya nani?

Kampuni ikishalipa hasara kamili, mabaki ya gari huwa mali yake. Mwenye gari hukabidhi funguo, kadi ya gari na fomu za kuhamisha umiliki. Hata hivyo, anaweza kuomba kubaki na mabaki, na thamani yake hukatwa kwenye malipo. Katika mfano uliotajwa, angelipwa Sh10.2 milioni na kubaki na gari.

Uamuzi huo unahitaji hesabu ya fundi, ukiwekwa kando mapenzi kwa gari. Anayekusudia kuuza vipuri anaweza kunufaika. Anayetaka kulirudisha barabarani akumbuke kuwa kutu ya nyaya huweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, na mifuko ya hewa au breki zikashindwa kufanya kazi zinapohitajika. Huenda pia ikawa vigumu kupata kampuni ya kulipa tena bima kubwa.

Anayeyaacha mabaki ahakikishe kuwa umiliki umehamishwa katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Jina lake likibaki kwenye kadi huku gari likitengenezwa na kurudi barabarani kwa mtu mwingine, faini zinazosajiliwa kwa namba ya gari hilo, na hata maswali ya polisi, yanaweza kumfuata yeye.

Kabla ya kusaini

Kabla ya kulipa, kampuni humpa mwenye gari hati ya kukubali malipo. Kwa kawaida hati hiyo hutamka kuwa malipo ni ya mwisho na kwamba aliyesaini hana dai jingine. Hapo ndipo mtu aliyekaa wiki kadhaa bila kipato husaini kwa haraka.

Asiyeridhika na kiasi anaweza kuomba nakala ya ripoti ya mtathmini na maelezo ya jinsi thamani ya soko ilivyopatikana. Anaweza kupeleka ushahidi wake: bei za magari yanayofanana yanayouzwa Mwanza, Musoma au Dar es Salaam, risiti za matengenezo makubwa ya karibuni, na picha za gari kabla ya mafuriko. Anaweza pia kumwajiri mtathmini wake mwenye leseni. Hoja yenye karatasi husikilizwa kuliko ugomvi wa kaunta.

Kampuni ikikataa dai, iombwe kutaja kwa maandishi kipengele cha mkataba inachokitegemea. Malalamiko huanza ndani ya kampuni yenyewe, kisha huweza kupelekwa TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, inayoshughulikia migogoro kati ya kampuni na wateja. Mahakama hubaki njia ya mwisho, na kwa madai ya mkataba sheria ya ukomo wa muda huweka miaka sita.

Gari lililozama likirudi sokoni

Upande wa pili wa hasara kamili ni mnunuzi anayeuziwa gari hilo bila kuambiwa. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 nchini Marekani, magari mengi yaliyozama yalisafishwa na kuuzwa katika majimbo mengine. Uingereza huyaweka magari yaliyofutwa na bima katika makundi manne ya A, B, S na N, utaratibu ulioanza Oktoba 2017, na mawili ya kwanza hayaruhusiwi kurudi barabarani.

Jambo hilo linamgusa pia mnunuzi wa Tanzania, kwa kuwa magari mengi huingia nchini yakiwa yametumika, hasa kutoka Japan, na mengine hupitia Dubai. Japan ilikumbwa na tsunami Machi 11, 2011 na kimbunga Hagibis Oktoba 2019. Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa Aprili 16, 2024 iliyozamisha magari barabarani Dubai.

Mnunuzi anaweza kujikinga kwa ukaguzi rahisi. Mkanda wa kiti uvutwe hadi mwisho na kuangaliwa kama una alama ya tope. Zulia liinuliwe, na boliti za viti ziangaliwe kama zina kutu. Taa za mbele zisiwe na ukungu wa maji ndani. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa huashiria kuwa imechanganyika na maji. Zulia jipya au harufu kali ya manukato katika gari kuukuu ni jambo la kuulizia. Fundi umeme aipime kompyuta ya gari kabla ya fedha kutolewa.

Kwa mwenye gari, maswali ya kumwuliza wakala kabla ya utabiri wa mvua za msimu kutimia ni manne. Je, hati inayataja mafuriko kuwa yanalipiwa? Thamani iliyoandikwa inalingana na bei ya soko ya leo? Matumizi yaliyoandikwa ndiyo matumizi halisi ya gari? Na ni kiasi gani mwenye bima atakibeba mwenyewe? Majibu yaandikwe na kuambatishwa kwenye hati, kwa kuwa ahadi ya mdomo haitamfaa mtu siku ya kudai malipo.